Supavaiza na Mistari Mitupu

Supavaiza wetu hakuwahi kukaa kitini muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Alikozaliwa, baba yake alikuwa nani, ukoo wake ni upi, hayo sikumwuliza, ingawa Kampala watu huulizana ukoo hata kabla ya kuulizana kazi. Mimi nilitoka Kakamega na haraka zangu, nikamkuta mtu mwenye haraka kunizidi, tukafanya kazi pamoja miaka sita bila yeyote kati yetu kutulia. Nikimkumbuka huanza na viatu vyake, maana tulivisikia kabla hatujamwona mwenyewe: ko, ko, ko kwenye sakafu ya mbao, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Vilinikera sana viatu vile.

Ofisi yetu ilikuwa Lubaga, ghorofa ya pili, juu ya duka la sare za shule. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Wadadisi walitumwa mitaani na hojaji, wakagonga milango, wakauliza watu maswali. Wakirudi, mimi na Furaha, dada Mkongo kutoka Bukavu, tuliingiza majibu kwenye kompyuta, kila nyumba na mstari wake mmoja. Kisha programu ya takwimu ilihesabu, na Supavaiza akatoa majedwali ya kuweka kwenye ripoti. Majedwali hayo aliyaita tebo, na kwa ajili ya tebo aligombana na kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi fundi wa mashine ya kuchapisha.

Tuligombana kwa Kiswahili. Supavaiza alikuwa Mganda, mimi Luganda yangu ilikuwa ya kununulia ndizi, na Furaha hakutaka kusikia habari ya Kiingereza. Kiswahili chake mzee alikiokota katika kambi ya polisi alikowahi kuwa karani: kifupi, cha amri, r na l zikibadilishana viti apendavyo. Mwanzoni nilikuwa nikimcheka nikifika nyumbani. Baada ya mwaka mmoja nikajikuta nami nasema "mustali" nikiwa naongea na mama yangu kwenye simu.

Na mustali ndio ulikuwa ugomvi wetu mkubwa. Supavaiza alitaka kati ya kundi na kundi kwenye jedwali pawe na mstari mmoja usio na kitu kabisa. Mtaa wa Lubaga uishe, mstari mtupu. Bwaise ianze na iishe, mstari mtupu. Ndipo Luzira ianze. Mstari huo aliuita hewa.

"Nnyabo, hii tebo yako inanyonga watu," aliniambia wiki yangu ya kwanza, nnyabo yaani bibi, ameinamisha kichwa juu ya bega langu. "Angalia. Bwaise iko nalala juu ya Lubaga. Weka hewa."

"Lakini mzee, si kuna mstari wa wino hapo katikati?"

"Hiyo ni ukuta. Mimi nasema hewa. Ukuta na hewa ni kitu moja?"

Nilijibu kwamba si kitu kimoja, maana nilitaka aondoke. Hakuondoka. Alichukua karatasi yangu, akafunika nusu yake kwa kiganja na kuniamuru nisome. Nikasoma. Akahamisha kiganja, nikasoma tena, nikaruka kutoka kundi moja hadi jingine bila kujua, nikataja namba ya Lubaga nikidhani ni ya Bwaise. Alifurahi mno. Alizunguka chumba kizima akipiga makofi na kumwambia Furaha, "Umeona? Umeona? Huyu amesoma mpaka chuo kikuu!"

Kisa cha kuipenda hewa kiasi hicho alikuwa nacho, ila kilikuwa visa vitatu. Safari moja alisema mfadhili fulani alisoma mstari wa mtaa mwingine, dawa za watoto zikaenda kusikokuwa na wagonjwa. Safari nyingine ilikuwa vyandarua. Ya tatu ilikuwa mabati, na mfadhili amegeuka kuwa waziri. Furaha alimwuliza ana kwa ana, "Muzee, iko dawa ama iko mabati?" Akajibu, "Yote. Watu nakosea kila siku." Mimi sikuamini hata kimoja, na bado siamini, lakini tangu siku ile ya kiganja sijawahi kusoma jedwali bila kuweka kidole.

Shida ni kwamba ile programu haikuwa na amri nyepesi ya kuweka mstari mtupu. Ilijua kuhesabu na kupanga. Kuacha nafasi haikujua. Kwa hiyo alijitungia maelekezo yake mwenyewe, ukurasa mzima, na kila tulipobadilisha makundi ukurasa ule ulikwama na ilibidi urekebishwe kwa mkono, kundi kwa kundi. Na ulikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi Furaha akawa anaimaliza kabla yake: hewa inakuja nyuma ya hesabu. Yaani data haiguswi. Kwanza programu ihesabu watu walioulizwa na ifunge hesabu. Kisha, kwenye jedwali lililokwisha kukamilika, ndipo nafasi iingizwe kwa ajili ya macho ya msomaji. Kinyume chake ni hatari, kwa sababu katika data kila mstari ni nyumba ya mtu. Ukiweka mstari mtupu mle ndani umejenga nyumba isiyokuwepo.

Huyu mtu aliyezipa namba nafasi ya kupumua, yeye mwenyewe hakujipa. Meza yake ilijaa karatasi hadi kibodi ikawa inakaa mapajani. Aliongea bila nukta. Alikula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, amesimama dirishani, akiongea na tonge mdomoni, na alimaliza kabla muuzaji hajarudi chini. Likizo hakupenda kuisikia. Ukiomba siku mbili alikuuliza nani amekufa. Lakini nilipougua malaria alipanda bodaboda mpaka chumbani kwangu na kilo ya sukari, akasimama mlangoni, akaniombea dua kwa Luganda, na alipomaliza akatoa bahashani majedwali matatu nirekebishe nikipata nafuu. Nilicheka mpaka kichwa kikaniuma zaidi. Nilimpenda siku ile, na niseme wazi, sikuwahi kumwambia.

Alikuwa na kiburi pia, tusimfanye malaika. Aliamini kumbukumbu yake kuliko daftari. Alijua nani alihoji nyumba gani, mvua ilinyesha siku gani, hojaji ipi ililowa. "Kichwa yangu ni kabati," alisema akijigonga utosini. "Ukifungua, kitu iko pale pale." Na kweli kilikuwa pale pale. Mara nyingi nilitamani akosee, walau mara moja, nipate kupumzika.

Sasa nifike kwenye lile jambo, maana nimekuwa nikilizunguka.

Tulipewa kazi ya kuuliza watu kuhusu mafuriko: maji yalikaa ndani ya nyumba siku ngapi. Mtaa ambao wastani wake ungekuwa mkubwa ndio ungechimbiwa mtaro. Bwaise iligawanywa vikundi vingi vidogo, uchochoro kwa uchochoro, kwa sababu mfadhili alitaka kila sehemu ionekane peke yake. Vikundi vingi maana yake hewa nyingi, na hewa nyingi maana yake ule ukurasa wa maelekezo ukwame kila baada ya dakika chache. Supavaiza alifanya nusu ya vikundi asubuhi. Saa sita akaitwa mazikoni. "Malizia, nnyabo," aliniambia tayari yuko kwenye ngazi. "Kesho asubuhi ripoti inatoka."

Nilijaribu ukurasa wake ukakwama. Nikarekebisha, ukakwama. Mara ya tano nikasimama na kuzunguka chumba kama yeye. Nilikuwa na njaa na hasira, na nikajiona nina akili kuliko sheria ya mzee. Nikafungua data yenyewe. Mwisho wa kila kikundi cha nusu yangu nikaingiza mstari mmoja mtupu. Jedwali likatoka na hewa pale pale inapotakiwa, zuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Nilipaswa kuifuta mistari ile baadaye. Nikajiambia nitaifuta kesho.

Kesho yake Supavaiza aliwahi kabla yangu. Aliangalia jedwali akatabasamu, kisha akaniuliza, "Hewa uliweka nyuma ya hesabu?"

"Ndiyo, mzee."

Neno moja tu. Mkurugenzi alikuwa mlangoni anangoja, nami sikutaka kuonekana mzembe mbele yake.

Nisichokifikiria ni kwamba kulikuwa na amri nyingine, ya Supavaiza mwenyewe, iliyongoja mwishoni. Mtu aliposema maji hayakuingia kwake kabisa, sisi waingizaji tuliacha kisanduku kitupu ili kuokoa muda, na amri ile iligeuza kila kisanduku kitupu kuwa sifuri. Aliiendesha asubuhi ile, akatoa wastani wa mwisho. Mistari yangu mitupu ikageuka nyumba zenye sifuri, nyumba kavu, katikati ya Bwaise. Na vikundi vilikuwa vidogo, kwa hiyo nyumba moja ya uongo kwa kila kikundi ilitosha kuushusha wastani. Bwaise ikateremka chini ya mitaa mingine.

Tulipowasomea wenyeji matokeo, ndani ya ukumbi uliokuwa na joto, alisimama mama mmoja kiongozi wa mtaa kutoka Bwaise. Alikuwa ameshika karatasi yetu, na kidole kwenye safu inayoonyesha nyumba iliyopata maji siku chache kuliko zote.

"Hapa mumeandika sifuri," alisema. "Kwetu kuna nyumba haikuingia maji?"

"Ndivyo data inasema, mama," mkurugenzi akajibu.

"Kale, sawa. Munipeleke kwa hiyo nyumba. Leo leo. Mimi nahama."

Ukumbi mzima ulicheka. Supavaiza hakucheka. Alifungua kompyuta pale pale, akaiangalia data, na nikaona uso wake ukibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisimama bila kusogea. Akainua kichwa na kuniangalia, muda mrefu, mpaka nikatazama chini. Kisha akamgeukia yule mama.

"Hakuna hiyo nyumba. Kosa ni yangu. Mustali mutupu niliweka mimi, na sifuri niliweka mimi."

Kompyuta ilikuwa ikifunguliwa kwa jina lake, na kila mtu alijua mistari mitupu ni ugonjwa wa nani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Hesabu ilirudiwa siku ileile, Bwaise ikarudi juu, mtaro ukachimbwa. Aliyeumia ni yeye peke yake. Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Mkurugenzi hakumfukuza, nilimsikia akimsihi abaki. Alijaza sanduku moja tu kutoka kwenye meza ile yote, akatupa mkono, mimi na Furaha, akashuka ngazi.

Nililia chooni. Furaha alinifuata, akaegemea mlango. "Dada, uko unamulilia yeye ama uko unajililia?"

Nilinawa uso nikatoka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nimeelewa ule mtazamo wake ukumbini. Mzee alijua. Aliona nusu iliyokosewa ni yangu, akaona mimi ni mgeni, mkataba wangu mfupi, mama yangu Kakamega ananitegemea, akaamua kunibeba. Nilijisimulia hivyo mara nyingi hadi ikawa heshima yangu, kwamba kuna mtu mkubwa aliniona nafaa kubebwa. Nikapewa kazi yake. Wakaanza kuniita madamu. Miaka minne nikawa naweka hewa nyuma ya hesabu, nikiwagombeza vijana wapya kwa maneno yake, na kila Krismasi nikiahidi kwenda kumshukuru. Luzira, alikoishi, si mbali. Nilikuwa mwoga, basi.

Mwaka huu nimepata kazi nyumbani Kenya. Wiki ya mwisho nikasema siondoki na deni hili moyoni. Nikanunua mkate na sukari, nikaenda.

Nyumba yake iko njia ya Port Bell, ndogo, ina ukumbi wa mbele unaotazama ukuta wa jirani. Mkewe alinipokea kwa Luganda, akapiga magoti kunisalimu kama wafanyavyo wanawake wa Kiganda, nami nikaona haya, kisha akarudi kufua nyuma ya nyumba. Supavaiza alikuwa kwenye kiti. Nilipoingia hakuinuka. Mikono ilikuwa juu ya magoti, na alikaa vile saa nzima, mtu yuleyule ambaye viatu vyake nilivichukia. Juu ya meza kulikuwa na daftari la shule.

"Hiyo ni ya Mukyala, bibi yangu," aliniambia aliponiona nalitazama. "Anaandika. Nimekunywa dawa, anaandika. Nimefunga mulango, anaandika. Mimi nikiuliza, anasoma."

"Umeugua, mzee?"

"Daktari anasema hapana. Daktari hajui." Akagusa utosi wake taratibu. "Kichwa ilikufa. Kanisani nilikuwa mwandishi, niliacha. Jiko siwashi. Mutu ambaye anasahau kitu ya mikono yake, atachoma nyumba."

Sikuelewa. Nilikuwa na hotuba yangu nimeipanga tangu Lubaga, na nikaharakisha kuitoa kabla ujasiri haujaniishia.

"Mzee, nimekuja kukushukuru. Ile siku ya kikao, na yule mama wa Bwaise. Ulibeba kosa langu, na mimi nikanyamaza. Sijawahi kusema asante."

"Kosa gani?"

"Ile mistari mitupu ndani ya data."

"Ile niliweka mimi."

"Hapana, mzee. Ni mimi niliweka. Wewe ukiwa mazikoni. Ukaniuliza asubuhi, nikakudanganya." Alikuwa ananitazama tu. Nikacheka kidogo, kicheko kibaya cha woga. "Lakini si wewe ulijua? Uliniangalia pale ukumbini. Nilijua umejua."

Nyuma ya nyumba maji yalimwagwa, beseni likagonga saruji.

"Nilikuangalia uniambie," alisema. "Wewe ulisema uliweka nyuma ya hesabu. Mimi niliamini. Basi hii mistari ni nani? Asubuhi ile mutu wa mwisho kugusa data ni mimi. Ni mimi. Lakini sikumbuki. Natafuta kwa kichwa, hakuna. Nikasema, nitaangalia nnyabo, yeye alikuwa pale, kama si mimi atasema. Ukaangalia chini." Akatazama daftari. "Nikajua ni mimi. Nikajua kichwa imekwisha."

Miaka minne. Nilikuwa nimejivunia mzigo ambao hakuna mtu alikuwa amenibebea. Yeye alikaa kwenye kiti hiki akiogopa jiko lake mwenyewe, kwa ajili ya neno langu moja la asubuhi na kwa sababu sikuinua macho. Nilijichukia, na hata kujichukia kwenyewe kulikuwa kunanihusu mimi tena.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Hukusahau kitu. Hakukuwa na kitu cha kusahau."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Badala yake akaita kwa sauti ambayo ilipasuka katikati.

"Mukyala! Mukyala, jangu!"

Mkewe akaja mbio, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, macho yamemtoka kwa hofu, akatutazama yeye na mimi na kutafuta kilichoharibika.

"Mwambie," Supavaiza akaniambia. "Sema tena, asikie yeye. Kiswahili hajui. Sema na Luganda."

Luganda yangu, baada ya miaka kumi, bado ilikuwa ya kununulia ndizi. Sikuwa na neno la data wala la hesabu wala la kudanganya. Nilitafuta nikapata machache tu, yanayomaanisha si yeye, ni mimi. Nikapiga magoti mbele ya yule mama na kumwambia.

"Si ye. Ye nze."

Hakuelewa. Akamgeukia mumewe. Naye akamweleza kwa Luganda, polepole, akirudia, akinionyesha kwa kidole, na kila alipofika mahali fulani mama yule alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli. Mwishowe alikaa chini sakafuni na ile mikono yenye povu, akaweka kichwa kwenye magoti ya mumewe, na akalia hadi nami nikashindwa kubaki mle ndani.